Tunakagua Gari Tupu, Tunapanda Gari Lililojaa

Msikilizaji, kuna ubishi usiokwisha kwenye magereji na vijiwe vya madereva, kuanzia Mombasa hadi Mwanza: kati ya vani ya abiria na pikapu, ipi inakaa vizuri barabarani na ipi itakuua? Mwenye Hiace atakwambia pikapu inarusha mkia, haitulii kwenye kona, na mvua ikinyesha inakuwa na tabia zake. Mwenye pikapu naye atamjibu kwamba Hiace haina pua, ukigonga mbele magoti yako ndiyo bampa. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Magari haya mawili hayawi hatari wakati mmoja wala kwa sababu moja: vani huharibika tabia kadiri inavyojaa, pikapu huwa mbaya zaidi ikiwa tupu. Kwa hiyo anayeuliza ipi ni salama, kabla hajaambiwa imebeba nini na mzigo umekaa wapi, anauliza jambo lisilo na jibu. Ninachotaka kukionyesha jioni hii ni kwamba kosa hilo la vijiweni ndilo hilohilo tunalolifanya kwenye ukaguzi wa serikali, na huko halichekeshi.

Tuanze na fizikia kidogo, maana bila hiyo tutabaki kurushiana maneno. Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani sehemu ambayo ni kana kwamba uzito wote umekusanyika hapo. Kitovu kikiwa chini, gari linashika ardhi. Kikipanda juu, gari linalegea miguuni, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji anapojaribu kukata kona akikimbia. Wamarekani wana kipimo chepesi cha jambo hili. Idara yao ya usalama barabarani, NHTSA, huchukua umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikaugawa kwa urefu wa kitovu mara mbili. Magari madogo ya kawaida hupata kati ya 1.30 na 1.50. Pikapu, vani na magari ya familia ya kimo kirefu huangukia kati ya 1.00 na 1.30. Namba ikiwa ndogo, gari ni rahisi kupinduka. Kumbe tangu mwanzo vani na pikapu ziko kundi moja, na zote ziko nyuma ya gari dogo ambalo watu hulidharau kwa sababu limekaa chini.

Lakini namba hizo hupimwa gari likiwa halina mzigo, au lina dereva tu. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Chukua vani yenye uzito wa kilo 1,800, magurudumu yake yameachana mita moja na nusu, na kitovu chake kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Kipimo chake ni 1.07. Sasa wapakie watu 15 wa kilo 65 kila mmoja. Wamekaa kwenye viti vilivyo juu ya sakafu iliyo juu ya magurudumu, kwa hiyo uzito wao uko kama mita 1.1 kutoka chini. Kitovu kinapanda hadi sentimita 84 na kipimo kinashuka hadi 0.89. Tupa kilo 150 za magunia kwenye keria ya paa, mita mbili na kitu juu, na kipimo kinafika 0.82. Haya si mambo ya ubaoni tu. Mshiko wa tairi zuri kwenye lami kavu huwa kati ya 0.7 na 0.9 hivi. Gari lenye 1.07, dereva akikata kona kupita kiasi, tairi litateleza kabla gari halijainuka, na kuteleza kunampa dereva nafasi ya kujirekebisha. Gari lenye 0.82 linaweza kuinuka kabla tairi halijateleza. Ni gari lilelile, dereva yuleyule na kona ileile. Kilichobadilika ni abiria waliopandia kituo cha mwisho na magunia ya keria.

Hesabu yangu ni ya mfano, lakini Wamarekani wamelishuhudia jambo lenyewe barabarani. Huko kulikuwa na vani kubwa za abiria 15, zikitumiwa na makanisa, vyuo na timu za michezo. Mwaka 2001 NHTSA ilitoa onyo: vani hizo zikibeba watu 10 au zaidi, kiwango chake cha kupinduka katika ajali zisizohusisha gari jingine kilikaribia mara tatu ya kile cha vani zenye watu wachache. Na sababu haikuwa kimo tu. Baadhi ya vani hizo zilianza maisha kama vani za mizigo. Mtengenezaji akitaka benchi moja zaidi, aliirefusha bodi kwa nyuma bila kuisogeza ekseli. Benchi la mwisho likawa linaning'inia nyuma ya matairi ya nyuma. Wakikaa watu wanne pale, uzito unahamia mkiani, matairi ya mbele yanapungukiwa mshiko, na dereva akiyumbisha usukani ghafla, mkia unataka kutangulia. Sheria ya Marekani hairuhusu vani mpya za namna hiyo kuuziwa shule kwa kusafirishia wanafunzi, kwa sababu hazifikii viwango vya basi la shule.

Sasa itazame Hiace yetu. Nyingi ziliingia bandarini Mombasa au Dar es Salaam zikitokea Japani zikiwa zimetumika, na si chache kati ya hizo zilikuwa za mizigo. Viti vimefungwa huku kwetu, na madirisha mengine yamekatwa huku kwetu. Fundi anayechomelea viti anapimwa kwa idadi ya vichwa alivyofanikisha kuvipatia nafasi, hapimwi kwa mahali uzito ulipoangukia. Kisha kondakta anaongeza ubao wa sambaza katikati, au kigoda karibu na mlango. Levo siti, yaani kila abiria na kiti chake, ni sheria ya asubuhi, trafiki akiwapo. Jioni sheria imekwenda nyumbani mapema kuliko abiria.

Pikapu hesabu yake inakwenda kinyume. Imeundwa kubeba tani moja nyuma, kwa hiyo springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, vigumu, vinavyongoja mzigo. Mzigo usipokuwapo, injini na kabini vinaelemea mbele, na nyuma inabaki nyepesi juu ya springi ngumu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, matairi ya nyuma yanadundadunda, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote. Ukiongeza kwamba pikapu nyingi husukumwa na magurudumu hayohayo ya nyuma, unaelewa kwa nini lami yenye utelezi inaigeuza ikatazama ilikotoka. Iwekee kilo 400 za saruji, zilizolazwa chini na kusogezwa mbele ya ekseli, nayo inatulia na kutembea vizuri kuliko ilivyokuwa tupu. Ndiyo maana dereva aliyetoka kwenye Hiace akapewa pikapu, au aliyetoka kwenye pikapu akapewa Hiace, anakuja na mkono usiofaa. Alichojifunza wa Hiace, kwamba likiwa jepesi unajiachia na likiwa zito unajihadhari, kwenye pikapu kinampotosha, na cha mwenzake kinampotosha vilevile kwenye Hiace.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho nadhani kinasema mengi kuliko hotuba. Chini ya pikapu nyingi, na chini ya vani nyingi pia, kuna vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono wa chuma. Kazi yake ni kugawa breki. Gari likiwa tupu, nyuma inakuwa imeinuka, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yale mepesi yasijifunge na kuteleza. Likipakiwa, nyuma inashuka na vali inafungulia breki. Kwa maneno mengine, mhandisi wa kiwandani alijua kwamba gari tupu na gari lililojaa ni magari mawili, akaweka kifaa cha kuyatofautisha. Sasa gari linafika gereji. Mwenyewe anataka libebe tani mbili badala ya moja, na fundi anaongeza vyuma viwili au vitatu kwenye springi. Nyuma inainuka. Tangu siku hiyo vali inasoma urefu ule na kuamini kwamba gari ni tupu, hata likiwa na tani mbili mgongoni, na inazinyima breki za nyuma nguvu wakati hasa zinapohitajika. Kilichokusudiwa kuliimarisha gari kimelipunguzia breki, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kulisema hilo. Fikiria pikapu za miraa zinazoteremka kutoka Maua, Meru, kukimbilia Nairobi kabla majani hayajanyauka: mzigo umefungwa ukapita juu ya kabini na saa ndiyo bosi. Pikapu hiyo imebeba mzigo mrefu, kwa hiyo imekopa ubaya wa vani, na wakati wa kurudi inakuwa tupu na nyepesi nyuma. Dereva anakutana na hatari zote mbili ndani ya siku moja.

Na pikapu inapobeba watu? Hapo sitaki mizani ya pande mbili. Tuna historia ndefu ya kuwapanga abiria kwenye bodi: chai maharage za Dar es Salaam za zamani, Peugeot 404 zilizokuwa matatu Kenya, na hadi leo magari ya Zanzibar yenye mabenchi ya mbao na paa lililojengewa juu. Huko vijijini ni jambo la kawaida kuona pikapu imesimamisha watu 20 wakienda mazishini au mnadani. Mtu aliyesimama kwenye bodi kitovu chake kiko karibu mita mbili kutoka ardhini, na ni mzigo unaohama: gari likikata kona kushoto, watu wote wanaegemea kulia kwa wakati mmoja, yaani upande uleule gari linakotaka kuangukia. Wala bodi haina cha kumshika mtu. NHTSA inakadiria kwamba mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 45 kwa aliyekaa mbele katika gari dogo, lakini kwa asilimia 60 katika pikapu na vani. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na kupinduka, kwa sababu magari haya yakibingirika hurusha watu nje, na mkanda ndio unaozuia. Kwenye bodi hakuna mkanda, na hata ukuta haupo. Kwa hiyo kwa kusafirisha watu, vani inashinda bila ubishi, ila iwe na viti vilivyofungwa kwenye chuma cha sakafu na mikanda inayofungika. Mkanda uliokunjwa chini ya kiti ukingoja kizuizi cha polisi hauhesabiki.

Najua mwenye pikapu amekwisha kuinua mkono. Atasema: nina boneti mbele yangu, Hiace haina. Hoja yake ina nguvu. Katika Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, na dereva na abiria wake wanakaa juu ya ekseli, bila chuma cha maana cha kukunjika kabla ya miguu yao. Toyota yenyewe ilipotoa muundo mpya mwaka 2019 iliisogeza injini mbele na kuipa vani hiyo pua, na ikapata nyota tano kwenye majaribio ya ANCAP ya Australia. Lakini boneti peke yake haimwokoi mtu. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigongesha pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, iliyokuwa ikiuzwa mpya Afrika, na likaipa nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, ingawa ilikuwa na mifuko ya hewa. Kabini ndiyo iliyoshindwa kusimama. Mwaka uliofuata shirika hilo likaikutanisha Hardbody mpya ya Afrika uso kwa uso na Navara ya mwaka 2015 iliyokwisha kutumika Ulaya. Dereva wa mfano ndani ya ile mpya angekufa. Wa ile kuukuu angetoka na majeraha ya kupona. Zote mbili ni pikapu, na zote zina boneti.

Pingamizi kubwa zaidi, lile linalosikika kila ajali inapotangazwa, ni kwamba gari halina kosa, dereva ndiye mwenye kosa. Mwendo kasi, usingizi, pombe, kupita gari jingine kwenye kona. Sikatai hata moja. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nishati inayopaswa kumezwa na breki inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na kanuni za Kenya zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile zinazobeba jina la waziri John Michuki, zilipofunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na kudai mikanda kwenye matatu, zilikuwa zinagusa jambo la kweli. Lakini angalia dereva hodari anavyofanya kwenye majaribio. Gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, hujaribu magari kwa kukwepa kizuizi cha ghafla, wakijifanya wamekutana na mnyama mkubwa barabarani, na hujaribu yakiwa yamepakiwa. Waliokaa kwenye usukani ni mabingwa, hawana usingizi, na wanajua kizuizi kiko wapi. Mwaka 2016 Toyota Hilux ilipopita pale kwa mwendo wa karibu kilomita 60 tu, ilinyanyua magurudumu mawili juu. Mwaka uliofuata, baada ya Toyota kufanya marekebisho, Hilux ikapita. Waendeshaji hawakuwa wamepata akili mpya katika mwaka huo mmoja. Gari ndilo lililobadilika. Kwa hiyo dereva ana lawama zake, lakini kuna mwendo na mzigo ambao ukishaufikia, ubingwa hauna pa kushika.

Kuna wanaosema pia kwamba barabara zetu ndizo zinazoamua, kwamba huwezi kuleta kigari cha chini kwenye njia ya mawe, na kwamba kimo cha pikapu ni usalama. Kimo kinakusaidia usikwame, hilo ni kweli. Ila NHTSA inasema asilimia 95 ya ajali za gari moja kupinduka hutokea gari linapojikwaa: tairi limetoka kwenye lami, likazama kwenye udongo laini au likagonga ukingo, na bodi ikaendelea na safari. Ukizijua kingo za lami zetu, zilizokatika na kuacha ngazi kati ya barabara na vumbi, utaona kwamba tumetandika mitego hiyo kwa mamia ya kilomita. Gari linalojikwaa huku kitovu chake kiko juu ndilo linalobingirika. Barabara mbovu ni hoja ya kushusha mzigo chini zaidi. Hata mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuteleza, uliolazimishwa Marekani kwa magari mepesi yote mapya kuanzia mwaka wa modeli 2012, hauwezi kulishika gari ambalo tairi lake limekwisha kunaswa ukingoni. Na Hiace nyingi tunazopanda zimetoka kiwandani bila mfumo huo.

Turudi sasa kwenye ukaguzi. Gari hupelekwa uwanjani likiwa tupu. Hukaguliwa taa, breki, usukani, matairi, hupewa stika, kisha hutoka nje ya geti kwenda kuwa gari jingine kabisa. Breki iliyopimwa bila mzigo haisemi chochote kuhusu ile vali iliyodanganywa na springi za kuongezwa. Lililo zito zaidi ni la mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inahusu magari ya tani 3.5 na kuendelea, kwa sababu shabaha yake ni kulinda lami. Lori linasimama, linapimwa ekseli kwa ekseli, na likizidi linalipa. Hiace na pikapu, ambazo kwa uzito wa kwenye karatasi ziko chini ya hapo, zinapita pembeni. Lami tumeipimia kwa kilo, lakini abiria tunamkadiria kwa macho kupitia dirisha la gari lililosimama dakika moja. Mizani ya kubebeka ipo, inawekwa chini ya magurudumu na kusomwa papo hapo. Kipimo cha ekseli ya nyuma kingesema mara moja ni pikapu gani imepita kiasi na ni vani gani imejazwa mkiani, bila kuhesabu vichwa na bila mabishano na kondakta. Na stika ya ukaguzi ingeweza kukataliwa kwa gari lolote lililoongezewa springi bila vali yake kurekebishwa. Hilo halihitaji hata mizani, linahitaji mkaguzi atakayeinama.

Mwenye gari atasema: nikibeba wanaoruhusiwa tu, bila keria, nauli itapanda, na abiria wa kijijini atabaki kituoni au atapanda bodaboda. Hili ndilo pingamizi ambalo sina jibu la kulimaliza, na naona wanaojifanya wanalo hawajawahi kulisubiri gari la mwisho. Huenda nauli ikapanda kweli kwenye njia zenye abiria wachache. Lakini kuna mengi yasiyogusa nauli hata shilingi. Magunia yakitoka kwenye keria yakalazwa kwenye sakafu, idadi yake haijapungua. Abiria wakiwa wachache, kuwaketisha mbele badala ya benchi la mwisho hakuna gharama. Pikapu kurudi tupu hakuepukiki, ila kupunguza mwendo wa kurudi kunagharimu dakika tu, na wakati huo hakuna mteja anayengoja.

Na kuna upepo wa matairi. NHTSA ilipochunguza vani zile za abiria 15 ilikuta asilimia 74 zina matairi yenye upepo uliokosewa vibaya, wakati kwa magari madogo ilikuwa asilimia 39. Tairi lenye upepo pungufu chini ya mzigo linajikunja ubavuni, linapata joto, na mwisho linapasuka, na tairi la nyuma likipasuka kwenye vani iliyojaa, yale yote niliyoyaeleza yanatokea kwa pamoja. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi matairi ya nyuma yana namba yake, tofauti na ya mbele. Magari yaliyotoka Japani kibandiko chake kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: ni kilopaskali, na kila 100 ni karibu 14.5 za PSI kwenye pampu ya kituo cha mafuta.